Kisima cha Ukurasa wa Pili

Saa mbili asubuhi Sajini Swabur alikuwa amekwisha kulizunguka boma la Aanyu mara mbili, na alikuwa anaanza mara ya tatu. Mkononi alishika karatasi mbili zilizobanwa kwa pini. Viatu vyake vilikuwa vimelowa umande mpaka soksi.

"Afande, keti basi," Aanyu alisema. Kiti alikwisha kukitoa, akakihamisha, akakifuta. "Unatafuta nini hapa ambacho mimi sijui? Nimekaa miaka kumi na tisa."

"Natafuta kisima cha matofali. Na miti miwili ya mvule."

Aanyu alimtazama kama unavyomtazama mtu aliyeanza homa. "Maji tunachota kwa bomba ya shule. Mvule hapa hakuna. Iko mifenesi, iko kalatusi za Owor pale chini, basi."

Owor alikuwa mume wake, Mpadhola wa hapa Mulanda. Aanyu mwenyewe ni Mteso, kaletwa kwa mahari ya ng'ombe sita. Owor alifariki Machi mwaka jana. Mwezi uliopita Ochwo, ndugu wa marehemu, akatoa mkataba wa kuonyesha kwamba Owor alimuuzia shamba lote, ekari tatu, tarehe tisa Januari, miezi miwili kabla ya kufa. Kwa mkataba huo Ochwo akapata amri ya kumtoa Aanyu, na siku ya kumtoa ilikuwa leo, Ijumaa, saa kumi.

Mkuu wa Swabur kule polisi Tororo hakuzungusha maneno. "Amri ni amri. Ukiniletea ushahidi kwamba karatasi ni ya kughushi, nitafungua kesi ya jinai na kila kitu kitasimama. Usipoleta, saa kumi nitatuma askari wawili wasimamie mabati yakishuka."

Swabur alikuwa na siku tatu, na mbili zilikwenda bure. Sahihi ya Owor ilihitaji mtaalamu wa Kampala, na mtaalamu alisema miezi miwili. Muhuri wa kijiji alidhani ni wa kuchonga, akashinda kutwa nzima juu ya huo muhuri, kumbe ni halali. Mwenyekiti, Mzee Ebong, alikiri bila aibu. "Mimi napiga muhuri, afande. Kusoma ni kazi ya wenye shamba. Nilikuta sahihi iko, nikapiga." Lini? Hakumbuki, na daftari hana. Mashahidi wawili ni watu wa ukweni kwa Ochwo, na wanasema maneno yaleyale kama watoto wa kwaya.

Jana jioni ndipo Swabur alipousoma ukurasa wa pili kwa mara ya kwanza. Ukurasa wa kwanza wote wameusoma, una majina na mipaka. Ukurasa wa pili una mambo ambayo mtu huyaruka ili afike mahali pa kutia sahihi. Pale, mstari wa nne, pameandikwa kwamba muuzaji ameuza ardhi pamoja na kisima kimoja cha matofali na miti miwili ya mvule iliyosimama kando yake.

"Mumeo alikuwa na shamba lingine?" aliuliza.

"Hii tu."

"Kwa babake? Kule Kirewa? Popote?"

"Afande, mtu akiwa na shamba lingine, mke wake analimia mashemeji kwa kibarua?"

Lilikuwa jibu. Hata hivyo Swabur aliandika alama ya kuuliza kando yake, kwa sababu wanawake huwa hawaambiwi kila kitu.

Pikipiki ilisikika njiani. Alikuwa Ochwo, na futi ya kupimia ndefu ya rangi ya manjano mkononi. Hakumsalimu Aanyu. Alianza kupima ukuta wa nyumba kama mtu aliye kwake.

"Bwana Ochwo," Swabur alisema, "mapema hivyo? Saa kumi bado."

"Napima tu, afande. Bati za urefu gani, nijue gari la namna gani."

"Vizuri. Nipimie na kisima."

Mkono wa Ochwo ulisimama kwenye futi. "Kisima?"

"Ulinunua kisima. Kiko kwa agrimenti yako, mkataba huu. Na mvule mbili."

Ochwo alicheka kidogo, kicheko cha pua. "Ah, hizo. Hizo mvule nilikata."

"Lini?"

"Zamani kidogo. Baada ya matanga."

"Ukamkatia mjane miti kwa boma lake, na yeye hakusikia?"

"Yeye anasikia nini? Alikuwa analia."

Aanyu alifungua kinywa. Swabur alimwinulia kidole asubiri. "Haya. Visiki viko wapi? Kisiki cha mvule kinakaa mpaka wajukuu wakikalie."

"Tuling'oa."

"Mashimo?"

"Tulifukia, afande. Kwani hii ni kesi ya miti?"

"Na kisima ulikikata pia?"

Aanyu alicheka. Ilimtoka tu, akaziba mdomo kwa ncha ya leso. Ochwo aliikunja futi yake haraka haraka. "Mimi amri ninayo," alisema. "Miti iwepo, isiwepo, sahihi ni ya ndugu yangu. Na huyu arudi kwao Uteso wampe shamba huko. Tuonane saa kumi."

Aliondoka. Swabur aliandika maneno ya Ochwo yote kama yalivyotoka, na saa. Mtu mkweli angesema hajui kisima kimetoka wapi. Ochwo alikuwa amedanganya kuhusu karatasi yake mwenyewe, maana yake hajaisoma. Lakini mtu kutosoma mkataba wake si kosa la jinai. Hapa mpakani na Kenya ni desturi.

Chini kabisa ya ukurasa wa pili, kwa herufi za kuumiza macho, paliandikwa: Imechapwa na Mama Ibra Sekretari, Busia, karibu na stendi ya malori.

Swabur aliwasha pikipiki yake.

*

Malori yalikuwa yamejipanga kutoka geti la forodha mpaka mbali, na mahali pote palinuka dizeli na samaki mkavu. Duka la Mama Ibra lilikuwa chumba kimoja: meza, kompyuta, printa iliyofunikwa taulo, mashine ya fotokopi, na rafu ya mafaili ya makaratasi, kila moja limeandikwa mwezi. Mwenyewe jina lake ni Latifah, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, hijabu ya kijani. Vidole vyake viliendelea kuchapa hata alipoinua macho.

"Karibu, kaka. Ni CV ama agrimenti?"

"Agrimenti." Alionyesha kitambulisho. "Sajini Swabur, Tororo."

Vidole vilisimama. "Keti, afande."

"Nikiketi nasahau. Hii ni kazi yako?"

Alitazama chini ya karatasi ya pili, mstari wa jina lake tu. "Jina langu liko. Nachapa nyingi."

"Unazichapaje? Nionyeshe. Fanya kama mimi ni kastoma."

Latifah alifungua faili moja kwenye kompyuta. Ilitokea karatasi safi ya mkataba, na nukta mahali pa majina. "Hii naita faili mama. Maneno yote iko tayari. Mtu akija najaza jina, kijiji, mipaka, nasevu kwa jina la kastoma, naprinti. Mama anabaki vilevile."

"Anabaki vilevile siku zote?"

"Siku zote."

Alilisema upesi mno. Swabur alipinda nyuma ya meza, akausoma ule mkataba mtupu kwenye kioo, ukurasa wa kwanza na wa pili. Mstari wa nne ulisema ardhi imeuzwa pamoja na vyote vilivyomo, basi. Kisima hakuna. Mvule hakuna. Kwa hiyo Ochwo aliyasema mwenyewe wakati wa kuchapa? Mtu gani anaongeza kisima kisichokuwepo kwenye shamba analoliiba?

"Hizo za rafuni ni nini?"

"Nakala. Kila kastoma naweka moja. Watu wanapotezanga."

"Naomba Januari ya mwaka jana."

Alimpa. Swabur alilaza faili juu ya mashine ya fotokopi, akafungua kwa kusimama. Mikataba tisa. Mkataba wa Ochwo haukuwamo. Yote tisa, ukurasa wa pili, mstari wa nne: pamoja na vyote vilivyomo.

"Ya Ochwo wa Mulanda mbona haipo?"

"Wengine hawatakangi nakala ibaki."

"Nipe Februari." Safi. Machi, safi. Aprili na Mei, safi. Alikuwa anaguguna kucha ya kidole gumba bila kujua. Kwa pupa aliruka Juni, akafungua Julai.

Mkataba wa kwanza wa Julai ulikuwa wa kibanda sokoni, hapohapo Busia mjini, futi kumi kwa kumi na mbili. Ukurasa wa pili ulisema kibanda hicho kimeuzwa pamoja na kisima kimoja cha matofali na miti miwili ya mvule.

Aliufungua wa pili. Kisima, mvule. Wa tatu, shamba la mpunga, katikati ya maji: kisima, mvule. Agosti, Septemba, Oktoba, kila mtu alikuwa na kisima. Mchungaji mmoja alinunua kiwanja cha kanisa na chenyewe kikawa na mvule mbili. Katikati ya Novemba zikakoma. Desemba, safi.

Swabur alifunga faili. "Mama Ibra. Faili mama wako alikula nini mwezi wa sita?"

Latifah alivuta taulo la printa, akalikunja mara nne, akalikunjua. Malori nje yalipiga honi.

"Ni umeme," alisema mwishowe.

"Nieleze."

"Hapa umeme unakata bila hodi, afande. Unachapa karatasi mbili, pap, giza, kazi yote imekwenda, na kastoma amekaa anakutazama. Sasa sisi tulizoea, ukichapa mistari miwili unabonyeza kusevu. Mkono wenyewe unabonyeza. Hata nikichapa namba ya simu tu, nasevu." Alionyesha vidole viwili vya kushoto, vikafanya hivyo hewani. "Siku hiyo taa ilichezacheza. Nilikuwa nimefungua mama, sijampa jina la kastoma bado. Nikaanza kujaza. Taa ikacheza, mkono ukabonyeza. Nikamwandika kastoma juu ya mama."

"Ukajua?"

"Nilijua jioni. Nikafuta jina, nikafuta kijiji, nikarudisha nukta. Ukurasa wa kwanza. Wa pili sikufika, nilidhani wa pili hausemi kitu."

"Na miezi mitano wateja wako hawakuona?"

"Nani anasoma wa pili? Mpaka yule mchungaji, Novemba. Alirudi hapa ananiuliza, dada, kisima changu kiko wapi, nibatizie watu. Nilitaka ardhi inimeze. Ndio nikamwita Kevo, fundi wa kompyuta wa ng'ambo ya Kenya. Akaniambia, madhe, yaani mama, hiyo file yako iko uchi, lazima uigeuze templeti kabisa. Tukafuta kisima, akanifanyia. Sasa nikimfungua mama, yeye ananipa nakala mpya isiyo na jina. Nibonyeze namna gani, mwenyewe haguswi."

Swabur alikuwa amekwisha kufungua faili la Juni. Mkataba wa kwanza wenye kisima ulikuwa wa tarehe kumi na saba: muuzaji Ecodu, shamba la Dabani. Kabla ya huo, safi. Baada ya huo, wote.

Aliuweka mkataba wa Ochwo kando yake. Huu una tarehe ya Januari, na kisima cha Juni.

"Owor alizikwa Machi," alisema. "Hii karatasi haikuwapo kabla ya tarehe kumi na saba mwezi wa sita. Ilitiwa sahihi na maiti."

Latifah alilirudisha taulo juu ya printa.

*

Dabani ilikuwa njia fupi. Swabur hakwenda kwa kuwa ana shaka, alikwenda kwa kuwa wakili wa Ochwo angeuliza. Ecodu, mzee mwenye koti la mvua juani, alimpeleka nyuma ya nyumba aliyoiuza. Kisima kilikuwapo, cha matofali, kimeota majani. Mvule zilikuwapo, mbili.

"Mimi ndio nililazimisha yule mama aandike," Ecodu alisema. "Mnunuzi alikuwa na tamaa ya hizo mvule. Nilimwambia kila kitu kiandikwe, kesho asiseme nilimuuzia na ng'ombe."

Swabur alipiga picha, akamwandikisha maelezo juu ya tangi la pikipiki, akarudi Busia. Ilikuwa saa sita na nusu.

Latifah alikuwa amefunga mlango nusu. Hakuwa anachapa.

"Fungua kompyuta," Swabur alisema. "Faili ya Ochwo iko? Inaonyesha siku iliyochapwa?"

Alimwonyesha. Faili ilikuwapo, kwa jina la Ochwo. Tarehe yake ilikuwa mosi Januari, mwaka elfu mbili na tisa.

"Betri yake ya ndani ilikufa," Latifah alisema. "Umeme ukikata, saa inarudi huko. Faili zangu zote zilizaliwa siku hiyo."

Swabur alipiga hatua mlangoni, akarudi. Kompyuta isingesema kitu. Nakala za rafuni zilisema, lakini karatasi haziwezi kula kiapo. Alihitaji mtu wa kusimama na kueleza mkono ulivyobonyeza, na mtu huyo ni mmoja.

"Kuna jambo hujaniambia, mama. Ochwo alikuja baada ya Juni. Karatasi ina Januari. Tarehe nani aliandika?"

"Yeye alisema."

"Nani aliandika?"

"Mimi." Alilivuta tena lile taulo. "Alisema walielewana Januari kwa mdomo, ndugu yake ni mgonjwa, yuko nyumbani, atatia sahihi huko. Nikaandika Januari. Watu wanaomba hivyo, afande. Wote sisi wa kazi hii tunaandika."

"Mgonjwa, na alikuwa kaburini tayari."

"Sikujua kama alikufa. Naapa."

"Nakuamini. Lakini tarehe ulijua kama si ya siku ile."

"Nilijua."

Nje dereva mmoja alikuwa anabishana na muuza chapati, kwa Kisamia, wote wawili wakicheka. Latifah aliitazama rafu. "Nimehesabu wakati ulipokwenda. Watu arobaini na moja. Wote wana kisima cha Ecodu. Nikisimama pale Tororo niseme hivi, kila mwenye jirani mkorofi ataambiwa karatasi yako ni bandia. Watakuja hapa na fimbo. Hii duka imesomesha watoto wangu, tangu babake Ibra aende Juba asirudi."

"Najua."

"Nitafungwa?"

Swabur angeweza kusema hapana. Alikuwa amesema hapana kwa watu wengi katika miaka ishirini ya kazi, na wakaenda jela. "Sijui," alisema. "Ukija mwenyewe ni tofauti na kuletwa. Zaidi ya hapo sijui. Saa hii ni saba kasorobo. Saa kumi mabati ya mjane wa Owor yanashuka."

"Huyo mwanamke ana watoto?"

"Wanne."

Latifah alichomoa kompyuta, akaizungushia lile taulo, akaifunga kwa kamba ya katani kama mtu anayesafirisha jogoo. Faili za Januari mpaka Desemba alizitia kwenye gunia la sukari. "Pikipiki yako inabeba?"

"Inabeba."

"Usikimbize. Hii printa naiacha, lakini kompyuta sina nyingine."

*

Saa nane na nusu, Tororo, mkuu alikuwa ameisoma mikataba kwa kidole, mstari wa nne, mmoja mmoja, kumi na mmoja ya mwanzo. Alipofika kwenye kibanda cha soko alivua miwani.

"Futi kumi kwa kumi na mbili. Kisima kinaingia wapi?"

"Hakiingii, mkuu."

"Na wewe mama, ndiwe uliyeandika tarehe?"

"Ni mimi."

"Unajua unachosema?"

"Najua. Andika."

Mkuu aliandika. Maelezo yake yalijaza kurasa tatu. Latifah alikataa kutia sahihi mpaka azisome zote, ya kwanza, ya pili na ya tatu, akasahihisha jina la kijiji mahali pamoja. Mkuu akaagiza mambo mawili: Ochwo akamatwe kwa kughushi, na askari wa saa kumi wabaki kambini. Kuhusu Latifah, alisema apewe dhamana ya polisi, aripoti kila Jumatatu, na faili zibaki.

Latifah alitoka akaketi kwenye benchi la ukumbini, akatoa simu na kitabu kidogo cha namba. Swabur alimsikia akianza. "Asalaam alaikum, mzee. Ni Mama Ibra wa Busia. Ile karatasi ya kiwanja chako, iko karibu? Nenda kaitoe. Nangoja."

Swabur alizunguka uani, akampigia Aanyu. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Mara ya tatu ilipokewa, na upepo ukawa mwingi kuliko sauti.

"Mama, ni Swabur. Hawaji. Amri imesimamishwa. Askari ninaowaona hapa wanakunywa chai."

Mtoto alisikika akiuliza kitu kwa Dhopadhola, lugha ya babake, Aanyu akamjibu kwa Kiteso.

"Umenisikia?"

"Nimesikia." Alipumua. "Afande, mimi nilikuwa nimetoa vitu vyote nje tangu saa nane. Nilisema wasinishushie bati juu ya vyombo. Ng'ambo kule wingu la mvua limeshafunga."

"Pole, mama."

"Pole ya nini? Acha nikate simu. Godoro liko nje na mvua inakuja."